Kwaresima ya Mwaka wa Mafuriko

Pale Mikumi, Kwaresima ilianzia kwenye matangazo, wiki mbili tatu kabla ya Jumatano ya Majivu. Misa ikikaribia kwisha, katibu wa Halmashauri ya Walei alisimama mbele na daftari lake akasoma yale ya kila Jumapili: zamu za jumuiya kufanya usafi, michango ya ujenzi, majina ya wachumba. Januari na mwanzoni mwa Februari majina ya wachumba yalikuwa mengi. Kwaresima ikishaingia hakuna ndoa inayofungwa mpaka Pasaka, na wazazi waliokwisha kupokea mahari walitaka mambo yaishe mapema. Mwisho kabisa likaja tangazo la matawi: kila nyumba irudishe matawi yaliyobarikiwa mwaka jana, yachomwe, tupate majivu.

Matawi yetu mengi yalikuwa ya mkindu, ule unaoota kando ya vijito na ambao akina mama hutumia majani yake kusuka mikeka. Baada ya Jumapili ya Matawi kila familia ililichomeka la kwake juu ya mlango au nyuma ya msalaba ukutani. Likakaa hapo mwaka mzima, likakauka na kushika moshi wa jikoni. Watoto wa Utoto Mtakatifu ndio waliotumwa kuyakusanya. Walipita nyumba kwa nyumba wakitoka shule, na wakishakaribishwa hawakuzunguka: "Shikamoo mama, tumefuata tawi."

Kuyachoma ilikuwa kazi ya siku za mwisho, nyuma ya sakristia. Mtawa aliyetunza sakristia hakukubali mafuta ya taa yaguse matawi yale hata tone, maana harufu ingebaki na majivu yangewasha ngozi za watu. Tuliyakatakata, tukayapanga kwenye karai, tukawasha kwa kiberiti na jani moja kavu. Majani hushika moto upesi sana. Mashina ndiyo yanayosumbua. Yanafuka moshi mweupe tu, na usipokaa hapo kuyapuliza yanazimika. Yakishapoa, Sista aliyaponda kwa mchi kwenye kinu kidogo kisichofanya kazi nyingine yoyote, akayachekecha kwa chekecheke ya unga, akarudia tena. Gunia zima la matawi lilitoa majivu ya kujaza kikombe cha chai, pengine na nusu yake. Kila mwaka nilistaajabu. Kikombe hicho ndicho kilichotosha parokia nzima pamoja na vigango vyake, kwa sababu vigangoni, ambako padre hafiki siku hiyo, makatekista walipewa majivu yaliyokwisha kubarikiwa, wakayafunga kwenye makopo ya maziwa ya unga na kuondoka nayo kwa baiskeli alfajiri.

Mikumi ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Zambia ikitoka kwenye Hifadhi ya Taifa, iliyoanzishwa mwaka 1964, inaingia mjini, na hapo ndipo inapochepuka ile ya Kidatu na Ifakara. Wenyeji ni Wavidunda na Wasagara, lakini mtaa wetu ulikuwa na Waluguru, Wahehe, Wapogoro na Wachaga. Mmoja alifuata kazi hifadhini, mwingine gereji, mwingine alishuka kwenye lori kuuza chakula na hakupanda tena. Watu wa namna hiyo ndugu zao wa damu wako mbali. Ukiugua usiku, anayekupeleka Hospitali ya Mtakatifu Kizito ni mtu wa jumuiya yako. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa la huku lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo, waliona jambo ambalo sisi tuliliishi: parokia ni kubwa mno kumjua mtu, ila nyumba kumi na kitu zinazosali pamoja kila Jumamosi saa 12 asubuhi zinajua nani amelala na njaa. Mimi nilikuwa katibu wa jumuiya yetu, na daftari lilikuwa mikononi mwangu.

Mwishoni mwa Desemba 2009, mapambo ya Noeli yakiwa bado ukutani, mvua kubwa zilinyesha milimani. Mto Mkondoa, unaoteremka kwenye bonde lile lile ambalo Wajerumani walipitishia Reli ya Kati, ulivunja kingo zake na kuingia Kilosa mjini. Januari maji yakaendelea. Nyumba za udongo zilianguka, mashamba yakafukiwa na mchanga, na reli ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe hata treni za Kigoma na Mwanza zikashindwa kutoka Dar es Salaam. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mmoja wao. Alinipigia kwa simu ya mtu, akasema maneno machache: wote wazima, nyumba haipo, mbuzi hawapo, tutaongea vizuri salio likiwepo.

Miaka mingine, mazungumzo ya jumuiya kabla ya Kwaresima yalihusu nani ataacha nini. Wanaume waliahidi kuacha ulanzi, ambao msimu huo huletwa kwa malori kutoka Iringa na kuuzwa kwa bei ya chini. Akina mama wengi waliacha sukari kwenye chai. Vijana wa kwaya waliaga ngoma na kayamba mpaka Mkesha wa Pasaka, na Jumapili ya mwisho kabla ya majivu waliimba Aleluya mpaka sauti zikakauka, kwa sababu neno hilo nalo lilikuwa linakwenda likizo. Sheria yenyewe ya Kanisa si nzito. Kufunga ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu kwa wenye umri kati ya miaka 18 na 59, na kuacha nyama ni siku hizo na Ijumaa za Kwaresima kwa waliotimiza miaka 14. Katekista wetu, tuliyemwita Mwalimu kama makatekista wote wanavyoitwa, alikuwa na neno lake juu ya nyama: kama huna nyama, huwezi kumwambia Mungu umeiacha. Februari kwetu ni mwezi wa ghala tupu. Mahindi ya zamani yamekwisha, mapya bado ni mabichi shambani, na nyumba nyingi zinakula mlo mmoja bila kuweka nadhiri yoyote.

Kwa hiyo mwaka ule Mwalimu alikuja na swali tofauti. Tulikuwa tumemaliza rozari, tumekaa kwenye mikeka uani kwa mwenyekiti. Akasema, "Wenzetu Kilosa maji yamekwisha kuwafungisha. Sisi tutafunga nini?"

Hakuna aliyejibu upesi. Mama mmoja anayeuza maandazi stendi ndiye aliyevunja kimya: "Mwalimu, mimi sina cha kuacha. Lakini kuna unga wa kula mchana siku ninayofunga. Huo unga unakwenda wapi?"

Hilo ndilo likawa shauri letu. Unga wa mlo ambao hukuula hauwi wako tena, na hauruhusiwi kurudi kwenye sufuria jioni. Tulikubaliana tusingoje majivu. Tuanze wiki ile ile, kila nyumba iweke kando, tukusanye kabla ya Jumatano. Jumapili iliyofuata Baba Paroko alieleza ujumbe wa Kwaresima wa Papa Benedikto XVI, ambao mwaka 2010 ulihusu haki. Papa alianzia kwenye fasili ya kale ya Warumi, kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake, kisha akasema kuwa kile ambacho mwanadamu anakihitaji kuliko vyote hakiwezi kuhakikishwa na sheria. Nimesikia mahubiri mengi ya Kwaresima tangu wakati huo. Hilo lilinikaa, kwa sababu wiki ile nilikuwa naona kwa macho yangu mwenyewe ugumu wa kujua kipi ni cha nani.

Daftari langu lilikuwa na safu tatu: tarehe, jina, kitu. Nusu debe la mahindi. Sufuria namba kumi na mbili, haina mfuniko. Kanga pea moja, imetumika. Shilingi 500. Sare ya shule ya mtoto aliyemaliza darasa la saba. Mjane mmoja alileta chungu cha maharage aliyoyaweka kwa mbegu, na mwenyekiti alipomwuliza, "Mama, hii si mbegu yako ya masika?" alijibu kwamba masika yakija Mungu atakuwepo na jumuiya itakuwepo. Ilikuwepo, mwezi Machi tulimchangia mbegu. Mzee mmoja Mwislamu, muuza vitunguu kando ya barabara kuu, alisikia habari kwa jirani akaleta gunia lake nusu. Nilipotaka kuandika jina alinizuia: "Andika jina la mtaa, mwanangu, usiandike langu." Nikaandika jina la mtaa. Mwaka 2025, Kwaresima ilipoingia wakati Ramadhani imekwisha kuanza, na majirani wote wa pande mbili wakawa kwenye mfungo mmoja, nilimkumbuka mzee huyo kwa heshima.

Jambo zito kuliko mahindi lilikuwa upatanisho. Kila mwaka kabla ya majivu mwenyekiti wetu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, alipita kwenye nyumba zenye ugomvi. Mwaka ule kulikuwa na mama wawili majirani ambao hawakusalimiana tangu mavuno. Mbuzi wa mmoja aliingia kwenye bustani ya mwenzake akala miche yote ya nyanya. Mwenye nyanya akamfunga mbuzi siku mbili bila maji, mbuzi akafa. Kila mmoja alikuwa na hesabu yake ya fedha anazodai, na kila mmoja alikuwa na mashahidi. Jumamosi ya mwisho wote wawili walikuja na mchango, wakakaa ncha mbili za mkeka. Nilipofungua daftari kuandika, mwenyekiti aliniambia, "Katibu, weka kalamu chini."

Akawaambia kwamba mahindi yao hayatapanda gari kwenda Kilosa yakiwa yamebeba maneno. Injili ya Mathayo inasema wazi anayekumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka pale mbele ya madhabahu, akapatane kwanza. Alitaja aya hiyo, kisha akanyamaza, na jumuiya yote ikanyamaza naye. Ulikuwa ukimya wa kuumiza. Mwenye mbuzi alilia, lakini hakusema kitu. Mwenye nyanya alichukua ungo wake, akaondoka nao. Nilidhani limeshindikana.

Jumapili jioni walikuja wote wawili nyumbani kwetu, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na ungo kichwani. Hawakueleza wamesemezana nini, wala mimi sikuuliza. Mwenye nyanya alisema tu, "Andika pamoja, mstari mmoja." Sikuwa na safu ya namna hiyo. Niliandika majina mawili, nikayaunganisha kwa mstari, na mbele yake: mahindi, nyungo mbili.

Tuliondoka Jumatatu kwa lori la kukodi. Njia ya kupitia vijiji vya Zombo na Ulaya, ambayo ndiyo fupi, ilikuwa haipitiki kwa matope, ikabidi tuzunguke: tuvuke hifadhi mpaka Morogoro, tushike barabara ya Dodoma hadi Dumila, ndipo tuingie Kilosa. Tulisafiri siku nzima kufika sehemu iliyo ndani ya wilaya yetu wenyewe. Juu ya magunia ya mahindi kulikuwa na gunia jepesi alilotukabidhi Sista. Ndani yake yalikuwa matawi makavu, karibu nusu ya yale yaliyokusanywa na watoto. Alijua kuwa matawi ya Kilosa yalikwenda na milango yake. Nilimwuliza kwa nini asitupe majivu yaliyokwisha kuchekechwa, yangekuwa rahisi kubeba. Alisema, "Hapana. Wachome wenyewe."

Kilosa niliyoijua ni ya kivuli cha miembe, stesheni yenye pilika na wauza ndizi dirishani mwa treni. Niliyoikuta ilikuwa na mstari wa matope ukutani, nyumba baada ya nyumba, usawa wa kiuno, mahali pengine usawa wa kifua. Mstari ulikuwa umenyooka mno, hata ukauonea uchungu unyoofu wake. Kwenye mahema watu walikuwa wameshaanza kuishi: mafiga matatu mbele ya kila turubai, nguo zimeanikwa kwenye kamba za hema, watoto wakichota maji kwa zamu. Mjomba alikuwa amevaa shati la mtu mnene kuliko yeye. Alinionyesha hema kama anavyoonyesha mtu nyumba: hapa tunalala, hapa anakaa bibi yako, hapa ndipo mlango.

Jumanne asubuhi akina mama wa jumuiya za pale waliyachoma matawi kwenye karai, kando ya mahema. Watu walisogea kutazama, Wakristo na wasio Wakristo. Mama mmoja alikuwa ameliokoa tawi lake. Maji yakiwa magotini alilichomoa mlangoni pamoja na picha ya ndoa. Alilileta akaliweka juu ya ya kwetu, akarudi nyuma, akasimama na mikono kifuani mpaka likashika moto. Walipokosa chekecheke walitumia kitambaa cha chandarua.

Siku ya pili, Februari 17, 2010, ilikuwa Jumatano ya Majivu. Ibada ya asubuhi ilifanyika nje, vazi la zambarau la padre likipeperushwa na upepo wa mvua. Misale inampa padre maneno mawili ya kuchagua anapompaka mtu majivu. Moja linamkumbusha mtu kwamba yeye ni mavumbi. La pili linamwita atubu na kuiamini Injili. Kwetu Mikumi nilizoea lile la kwanza. Padre yule, mbele ya watu ambao matope yalikuwa bado kwenye vyungu vyao, alitumia lile la pili, kwa kila mtu, mstari mzima, bila kubadili hata mara moja. Hakutoa maelezo, na hakuna aliyeyadai. Mjomba alisimama mbele yangu kwenye mstari. Alipogeuka na alama usoni alinishika bega, akanipisha.

Mchana hakuna aliyepika pale kwa wale wenye umri wa kufunga. Jioni wakapika mahindi ya Mikumi, yale yaliyotokana na milo ambayo hatukuila, na walitupakulia sisi wageni kwanza. Tulikataa. Bibi alisema mgeni hafungi mbele ya mwenyeji aliyekwisha kupika, tukala. Nimefikiri sana juu ya mlo huo. Nadhani ndio mfungo pekee maishani mwangu ambao ulifika ulikokusudiwa, na ulikamilika kwa sisi kukubali kula.

Kwaresima ile ilikwenda na Njia ya Msalaba kila Ijumaa, Mikumi kanisani na Kilosa wakizungusha vituo 14 katikati ya mahema. Pasaka iliangukia Aprili 4. Reli ilifungwa kwa miezi. Familia nyingi zilikaa kwenye mahema muda mrefu kuliko walivyoambiwa. Mjomba alipata kiwanja sehemu ya juu, akajenga kwa tofali za kuchoma. Mwaka 2024 treni ya umeme ya reli mpya ilianza kupita Kilosa kwenda Dodoma, nayo reli hiyo hupenya milima ile kwa mahandaki. Mkondoa bado unajaa kila mvua zikizidi milimani, na wanaolima kando yake wanaujua kuliko mtaalamu yeyote.

Sista alihamishwa. Mwalimu ametangulia mbele ya haki, na mwenyekiti wetu pia. Daftari lile ninalo. Miaka michache iliyopita kijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, aliniambia parokia nyingi hazina kumbukumbu ya mwaka ule isipokuwa idadi ya waliobatizwa, kwa sababu madaftari ya jumuiya yakijaa hufungiwa vitumbua. Ndiyo maana nawaomba makatibu wa jumuiya, wa Mikumi, wa Kilosa, wa Ulaya, wa Kidodi na kwingineko: daftari likijaa lipelekeni ofisi ya parokia, likae kwenye kabati pamoja na vitabu vya ubatizo. Andikeni tarehe, jina na kitu kilichotolewa, hata kama ni shilingi 500. Na mtoaji akisema asiandikwe jina lake, andikeni jina la mtaa.